Na Mama Mkwe kutoka Kendu Bay, kwa Gari Lisilotaka Kuwaka

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi, na kila rafiki anayeingia dukani kwangu ananunua msumari mmoja ili apate nafasi ya kuniuliza: ilikuwaje safari ya Kendu Bay, ambayo basi huenda na kurudi siku hiyo hiyo, wewe na gari lako mkaimaliza kwa siku mbili? Nimechoka kueleza huku nikipima misumari. Nimeyaandika hapa. Someni, halafu mnunue kitu cha maana.

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni mtu wa Murang'a. Nina duka la misumari, mabati na vikorokoro vya ujenzi hapa Kisumu, na mke wangu Atieno ni binti wa Kendu Bay. Mimba yake ya kwanza ilifika mwisho, mtoto akazaliwa bila kulia. Tangu siku hiyo hatukuwa tunalizungumza sana jambo hilo. Mara hii, tumbo lilipokuwa kubwa kiasi cha kumzuia kufunga viatu, aliniomba kitu kimoja tu.

"Niletee mama," alisema. "Siwezi kuingia kwa hiyo kazi tena bila mama."

Mama Helida, mkunga ambaye ni jirani yetu pale Manyatta, alimpapasa tumbo akasema bado tulikuwa na siku tatu, pengine nne. Mimi nikaziona siku hizo ni nyingi mno. Meli ya Kendu Bay ilikuwa imeshaondoka, nami nilikuwa na gari langu. Nikaenda.

Kisumu hadi Pap Onditi

Gari hilo aliniuzia Mhindi mmoja mwaka wa uhuru, na hata wakati huo lilikuwa limeshazeeka. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, sasa ni ya chai. Tunajuana. Asubuhi zenye baridi haliitiki stata, nalizungusha kwa hendeli mara nne, ya tano linakohoa, ya sita linakubali. Fundi wa Nyalenda alinionyesha mambo machache, na mimi, kama mnavyonijua, mambo machache nikiyajua najihesabu fundi kamili. Shikeni hilo, kwa maana ndilo lililonitia aibu.

Siku ya kwenda sina lalamiko. Tambarare ya Kano ilikuwa kavu, ng'ombe wamejaa barabarani na hawana haraka na mtu yeyote. Pap Onditi ilikuwa siku ya soko. Nikasimama, nikamimina petroli kutoka kwenye debe nililobeba, nikajaza tangi mpaka juu. Kifuniko cha tangi nilikiweka juu ya bampa. Hapo mama mmoja muuza ndizi akaanza kuniuliza natoka wapi, na mke wangu ni wa ukoo gani, na kwa nini mtu wa milimani anakwenda Kendu Bay. Nilipomwambia naenda kumchukua mama mkwe, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa gari? Wewe na yeye? Peke yenu?"

Sikuelewa kicheko chake. Nikaondoka na ndizi, na kifuniko nikakiacha kikisafiri juu ya bampa. Nilikumbuka nilipofika daraja la Mto Miriu, na bila shaka hakikuwepo tena. Nikakata mkono wa shati kuukuu, nikausokomeza kwenye mdomo wa tangi, nikaendelea.

Kwa mama mkwe

Sasa niwaeleze kicheko cha yule mama. Kwetu Murang'a mtu humheshimu mama mkwe kwa kutomkaribia. Humkazii macho, huli mbele yake, humpigii soga. Kwa Wajaluo, mama mkwe naye humheshimu mkwewe kwa njia hiyo hiyo, na zaidi. Sasa weka heshima mbili hizo ndani ya gari moja dogo, ufunge milango.

Mama mkwe wangu ni mfinyanzi. Anafinyanga mitungi ya maji na vyungu vya kupikia, na mikono yake ina rangi ya udongo hata siku ya kanisa. Nilipofika alinisalimu akiwa mbali, ameinama, uso ameuelekeza kwenye ghala. Nilikula ngege na ugali pamoja na wazee wa boma, na nikalala kwa jirani, kwa sababu mkwe halali kwa wakwe zake. Samaki, ambaye kwetu haliwi, nimejifunza kumla, msinicheke, na yule alikuwa mtamu kweli.

Asubuhi nilikuta gari limeoshwa. Magurudumu yamefutwa, vioo vinang'aa, na kile kitambaa changu kwenye mdomo wa tangi kimefungwa vizuri kwa kamba ya katani, kama mdomo wa gunia. Nikafurahi. Nikajisemea, hawa watu wananipenda.

Mama mkwe alipanda nyuma, akajikunja kwenye kona ya mbali kabisa na yangu. Alikuwa na unga wa wimbi, kapu la chakula, na kuku wa kumchinjia binti yake akishajifungua. Kuku alimpakata. Mimi, kwa adabu, nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa, nisije nikamwona hata kwa bahati mbaya.

Kendu Bay hadi daraja la Miriu

Tulikwenda kama maili nane bila neno. Nikadhani tutafika Kisumu hivyo hivyo, kama watu wawili waliomo kwenye magari mawili. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe kuku, ambia huyu baba, hii barabara ako na mashimo. Apeleke pole pole."

Nilishtuka. Kuku wa Kendu Bay anasemeshwa Kiswahili! Ikanichukua muda kuelewa kwamba Mama hakuwa ameanza kuchanganyikiwa. Kiswahili kilikuwa changu, kuku alikuwa tarishi tu. Kwa njia hiyo alinizungumzisha bila kunizungumzisha, na heshima ikabaki mahali pake. Nikapunguza mwendo. Nilitaka sana kucheka, nikajizuia.

Maili chache mbele gari likasita, likavuta, likasita tena, likazima. Ziwa lilikuwa linaonekana upande wa kushoto, na hapakuwa na mtu.

Nikapiga stata. Injini ilizunguka vizuri lakini haikuwaka. Basi si betri, nikasema kwa sauti ya fundi. Nikafungua boneti, nikatoa plagi zote nne, nikazisugua kwa ubavu wa kiberiti, nikazipuliza, nikazirudisha. Mama alikuwa ameshuka na kuku wake, amesimama mbali kidogo, amenipa mgongo. Kazi hiyo ilinichukua karibu nusu saa. Nikapiga stata, gari likawaka mara moja.

"Ni plagi!" nikamwambia kuku, kwa fahari kubwa.

Miriu hadi Pap Onditi

Tulivuka daraja, tukaenda maili chache tu, likazima tena. Safari hii nilisugua plagi zile zile kwa hasira, na gari halikujali.

Akatokea mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye mzigo wa mboga. Jina lake Mzee Ouko, na alisema kwamba zamani aliendesha lori la pamba. Hakungoja kuulizwa. Aliegemeza baiskeli, akatia kichwa ndani ya boneti, akanusa.

"Hii si plagi. Hii ni pointi. Pointi imekuwa chafu, moto haifiki."

Akafungua mfuniko wa distribyuta, tukazipata pointi, akapitisha katikati yake kipande cha karatasi ngumu mara nyingi sana, polepole, huku akinieleza habari za lori lake lililoweza kupanda mlima wowote. Wakati huo jua lilikuwa kali, na kutoka kwenye kapu la Mama ilikuja harufu ya nyoyo, mahindi na maharage yale yale ambayo kwetu huitwa githeri. Njaa iliniuma. Yeye naye, nina hakika, ilimuuma. Lakini hakuweza kula nikiwepo, wala mimi akiwepo. Alichota nyoyo akaziweka kwenye bakuli juu ya jiwe, akamwambia kuku kwamba baba ale, kisha akaenda nyuma ya kichaka. Mimi nikaona si haki nile na yeye hajala, nikaenda nyuma ya kichaka kingine ili arudi ale kwanza. Tukakaa hivyo, kila mmoja na kichaka chake, tukimngoja mwenzake. Mzee Ouko akamaliza kazi ya pointi, akaliona bakuli, akala.

"Asante, ilikuwa tamu," alituambia sote wawili, akielekea vichaka vyote viwili.

Gari likawaka. "Nilikuambia ni pointi," akasema Mzee Ouko, nami nikamwamini kwa moyo wote.

Tulipofika Pap Onditi, basi la kutoka Kisumu lilikuwa linashusha abiria. Utingo alilitambua gari langu, akaja mbio dirishani.

"Wewe ndio bwana ya Atieno? Mama Helida amenituma. Anasema imeanza asubuhi. Mukimbie."

Basi hilo lilikuwa linakwenda Kendu, na lingerudi Kisumu usiku. Nyuma yangu Mama alimkaza kuku mapajani.

Pap Onditi hadi Ahero

Nililikimbiza gari kuliko linavyostahili. Tukapita Katito vumbi likitufuata. Nilikuwa nafikiria ule mlango wa chumba chetu, na Atieno ndani, akisikiliza kila gari linalopita. Nilikuwa nafikiria pia yule wa kwanza, nilivyomshika akiwa amefungwa kitambaa, mwepesi. Sijawahi kuwaambia hilo, sasa nawaambia.

Katikati ya Kano, pasipo hata mti, likazima.

Nilisugua plagi. Nikapitisha karatasi kwenye pointi. Nikapiga stata mpaka betri ikaanza kulegea, na mwishowe stata ikatoa mlio mmoja mdogo, ikanyamaza kabisa. Nikatoka nikapiga gurudumu teke, jambo ambalo halijawahi kutengeneza gari lolote. Kisha kwa mara ya kwanza siku ile nikafanya kitu cha akili: nikachomoa mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, nikazungusha injini kwa hendeli. Hakuna kitu. Nikaenda nyuma, nikalitikisa gari, nikasikia petroli inacheza tangini.

"Mafuta yamo!" nikapiga kelele, karibu kulia. "Tangi limejaa, nayasikia, lakini huku mbele halifiki hata tone!"

Halafu ile sauti, ndogo kuliko asubuhi.

"Wewe kuku. Ambia baba, mtungi ikiwa na tundu chini, na mtu azibe mdomo ya juu kabisa kabisa, maji itatoka?"

"Kuku," nikajibu kwa ukali ambao bado unanitia haya, "mwambie Mama hili ni gari, si mtungi."

"Itatoka kidogo," akaendelea, kama hakunisikia. "Alafu itakataa. Mtungi inataka kupumua."

Kisha akashuka, akamweka kuku chini. Akatembea mpaka nyuma ya gari, akafungua ile kamba ya katani, akaondoa kitambaa changu. Chini yake palikuwa na kizibo cha mti mwepesi, kimechongwa kwa ustadi, kikaviringishwa mpira wa baiskeli uliokazwa vizuri, na kikasukumwa ndani mpaka kikakaa kama kimezaliwa pale. Alikivuta, hakikutoka. Nikashika mimi, nikakivuta kwa mikono miwili. Kilipotoka, tangi likavuta hewa kwa nguvu, fyuuu, refu, na sote wawili tukarudi nyuma.

Nikaelewa yote mara moja. Tangi halikuwa na pa kupitishia hewa. Tulikuwa tunakwenda mpaka petroli inashindwa kutoka, gari linazima, halafu wakati sisi tunasugua plagi na kusimulia habari za lori la pamba, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, gari linawaka. Plagi hazikuwa na kosa. Pointi hazikuwa na kosa. Kilichotengeneza gari kilikuwa kungoja tu, na sifa nilijipa mimi na Mzee Ouko.

Mama alikuwa anautazama mlima wa Nyabondo. Kuku alikuwa anadonoa mbali, na hakuitwa.

"Baba, ni mimi," alisema. "Asubuhi niliona umetia nguo kwa mdomo ya gari. Nikasema vumbi itaingia, baba atapata taabu njiani. Nikachonga. Alafu nikarudisha nguo yako juu, usione kama mama ya bibi yako anakurekebisha."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nitakuambia aje? Na wewe ulikuwa unafungua kila kitu. Nilijua utafika hapo." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Nimechelewesha mtoto wangu."

Nilikuwa na hasira tangu daraja la Miriu, na sasa ilipompata mwenyewe, sikuiona tena ilikokwenda. Nilimwona tu mwanamke mzima aliyeamka kabla ya jua kuchonga kizibo kwa ajili yangu, akakificha ili mimi nisione haya.

"Mama," nikamwambia, "kifuniko nilikipoteza mimi. Na kosa la leo tutaligawana baadaye. Sasa nahitaji mguu wako."

Betri ilikuwa imekufa, ilibidi nizungushe hendeli, na mtu akanyage mafuta ndani. Aliangalia kiti changu. Mnajua maana yake, mama mkwe kukaa kwenye kiti cha mkwewe. Aliangalia barabara ya Kisumu. Akavua ndara zake, akaingia, akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtungi usipinduke.

"Nikanyage ipi?"

"Huo wa kulia. Kidogo tu."

Mara nne, ya tano likakohoa, ya sita likakubali. Alipiga kelele ya furaha kwa Kijaluo. Niliporudi kwenye kiti changu hakwenda nyuma. Alikaa mbele kando yangu, kuku miguuni, kapu la nyoyo katikati yetu. Tulikula tukiendesha, kila mmoja akitazama upande wake, lakini tulikula.

Ahero hadi Manyatta

Kuanzia Ahero hatukusimama tena. Aliniambia mambo mengi njiani, mengine sikuyaelewa kwa sababu Kiswahili kilimwishia akaendelea kwa Kijaluo bila kujali. Alinieleza jinsi Atieno alivyozaliwa, siku ya mvua, naye akiwa peke yake na mitungi mibichi uani. Alisema hakuweza kuja mara ile ya kwanza, na kwamba jambo hilo hulibeba kila siku. Nikaendesha vizuri zaidi, ndilo jibu nililokuwa nalo.

Tulifika saa kumi alasiri. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa ukutani, macho yote mlangoni. Kutoka ndani Atieno aliita. Hakuniita mimi. Aliita "Mama!" kama mtoto aliyepotea sokoni, na gari halijasimama sawasawa mama yake alikuwa ameshafungua mlango, ameruka, ameingia nyumbani mwangu bila kupiga hodi na bila viatu.

Mimi nilibaki kwenye usukani. Injini ilikuwa inanguruma, nami niliogopa kuizima. Nilifikiri, kama kutatokea haja ya kumkimbiza hospitali, na betri imekufa, itakuwaje? Nikakaa hivyo, mguu kwenye mafuta, sijui kwa muda gani.

Mwanamke mmoja akaja, akagonga bati kwa kiganja.

"Baba, zima hiyo gari. Watu wanasikiliza."

Mkono wangu ulikataa. Nilijua wanasikiliza nini. Mara ile ya kwanza nami nilisikiliza, nikasikiliza mpaka Mama Helida akatoka akanishika bega. Maadamu injini ilikuwa inanguruma, sikuweza kusikia kwamba hakuna kilio.

"Zima," alirudia, kwa upole.

Nikazima.

Nikasikia maji yanamwagwa kwenye karai. Nikasikia sauti ya Mama ikinong'ona kwa Kijaluo, haraka haraka, kisha kofi dogo, kisha hakuna kitu. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti kubwa isiyolingana na mtu mdogo, na wanawake wote ukutani wakapiga vigelegele, na mimi nikaweka kichwa kwenye usukani.

Aliyetoka nje alikuwa Mama mwenyewe. Alikuja moja kwa moja mpaka dirishani mwa gari, amembeba mtoto aliyefungwa leso, na akaniwekea mikononi. Vidole vyake vilikuwa chini ya vyangu, na hakuviondoa. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Shika kichwa," alisema.